Achieng Amepita

Jumanne, Durban. Upepo umevuma tangu asubuhi na madirisha ya gorofa yetu hapa South Beach yamejaa chumvi. Sina huzuni. Sina furaha pia. Nimekaa jikoni, chai imepoa, na sioni sababu ya kuipasha moto.

Leo shuleni binti yangu Achieng amepimwa na mtaalamu wa OT. Kwa asiyejua, huyo ni mtu anayeangalia jinsi mtoto anavyotumia mikono na mwili kwa mambo ya kila siku: kushika penseli, kuvaa, kukata kwa makasi, kuketi bila kulalia dawati. Achieng yuko darasa la kwanza na yote hayo yanamshinda. Mwalimu wake ndiye aliyeomba apimwe ili asaidiwe, nasi tukangoja tangu mwaka uanze, maana mtaalamu ni mmoja na shule ni nyingi.

Sisi Wakenya tukisikia kupimwa, tunasikia mtihani.

Baba Achieng alianza tuition wiki iliyopita, jioni ile ile tuliyopewa tarehe. Ni mhadhiri, hawezi kujizuia. Mtoto akitoka shule, meza inapanguswa na kazi inaanza: kukata magazeti, kutunga shanga, kufunga vifungo vya shati la babake tulilolivalisha kiti. Mimi nilisimamia zoezi la kusimama kwa mguu mmoja. Akilia tunampa chipsi, kisha tunarudia. Hata Mama Grâce, jirani yetu Mkongomani mwenye saluni mjini, alituletea makasi madogo.

"Mutoto atapita," aliniambia. "Akili iko nayo, ni vidole tu ndiyo inamusumbua."

Na kweli amepita.

Nilikuwa nimeketi pembeni nikitazama. Ametunga shanga zote. Amekata duara bila kutoka nje ya mstari. Amefunga vifungo ulimi ukiwa nje, jasho puani, polepole, lakini amefunga. Mtaalamu, mama mpole wa makamo, akaniuliza kama nyumbani pia anafanya hivyo kila siku.

Nikasema ndiyo.

Jibu lilitoka lenyewe. Kwetu mtu hamwaibishi mtoto wake mbele ya mgeni, na pale nilikuwa mama wa mtoto aliyefaulu. Sikusema kwamba kila asubuhi ni mimi ninayemvalisha, kuanzia soksi hadi kola.

Akasema basi hatamweka kwenye vipindi vyake vya kila wiki. Nafasi ni chache, atampa anayehitaji zaidi, na Achieng ataangaliwa tena mwaka ujao. Nikamshukuru. Alikuwa ametunyima kitu tulichokingoja miezi yote hii, nami nikamshukuru kwa mikono miwili, na sikuhisi chochote. Baba Achieng alipopiga simu kuuliza, nilimwambia amepita. Alicheka kwa furaha na kusema alijua.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tukingoja roboti, kama wanavyoita taa za barabarani huku, iwe kijani tuvuke, Achieng akanivuta mkono.

"Mama, nimepita?"

"Umepita."

"Basi vifungo vimeisha? Kesho utanifunga wewe?"

Nikamwambia ndiyo. Leo hizi ‘ndiyo’ zangu zimekuwa rahisi mno.

Jioni mkono wake wa kulia umekataa kushika kijiko. Hakulia, aliuweka tu mapajani na kuutazama. Nimemlisha wali na maharagwe kama nilivyokuwa nikimlisha akiwa mdogo, na kabla sahani haijaisha alikuwa amesinzia kwenye kiti. Hapo ndipo nilipoona tulichokifanya. Tumemchosha mtoto wiki nzima ili aonekane hana shida, na sasa shida imebaki naye peke yake.

Naona aibu. Afadhali, angalau nimehisi kitu.

Sijui kama mtaalamu atakubali kumwangalia tena, wala kama nafasi ile bado ipo. Baba Achieng atakasirika, ataona ninafuta matokeo mazuri kwa mikono yangu mwenyewe. Na akasirike.

Kesho sitamfunga vifungo. Nitakaa kitandani kando yake, mikono yangu nitaikalia ikibidi, na atakapomaliza nitampeleka shuleni vilevile, shati limepinda, soksi kisigino juu. Nitamsimamisha mbele ya mwalimu na kumwambia: huyu ndiye Achieng, yule wa jana tulimfundisha.