Betri za pedali mbele ya wazee wa kanisa

Vestina, nimetoka kanisani sasa hivi na bado siamini.

Leo wazee walikuwa wanaamua kama gita langu libaki kwenye kwaya au liondoke. Basi jana nilichaji betri za pedali, kile kisanduku cha mguuni kinachopitisha sauti ya gita, nikazipima moja moja kwa mita. Halafu nikaacha waya wa gita umechomekwa kwenye pedali usiku kucha. Mimi, ninayewaambia wengine kwamba ukiuacha hapo, betri zinaisha.

Ubeti wa kwanza tu, gita likakata sauti. Nikaendelea kusogeza vidole huku natabasamu.

Mzee Leonidasi akanishika bega: "Mwanangu, leo ndiyo umepiga. Siku zote unatutoboa masikio."

Leo ndiyo nimepiga, Vestina. Na wazee wote wakaitikia.

Wamenikubali. Sasa Jumapili nichaji au nisichaji?