Kidonda Kinachomsubiri Hakimu

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu na uniwie radhi kwa mwandiko, mtoto yuko kifuani na naandika kwa mkono mmoja. Naomba msaada wa mawazo maana yangu yameniishia. Mume wangu ni wakili, ila si wa mashamba wala wa mirathi kama wenzake, yeye huwatetea wanyama, mbwa waliotiwa sumu, ng'ombe wanaosafirishwa wamebanana mpaka wanavunjika miguu, na kazi hiyo anaipenda kweli, hata wenzake mahakamani walipombandika jina la Wakili Masikio alicheka nao. Mama mkwe ndiye hacheki. Husema alimsomesha mwanawe atetee watu, siyo wateja ambao asante yao ni mateke.

Sasa hapa uani kwetu, kati ya kamba ya nguo na choo, yuko punda jike. Polisi walimchukua kwa mwenye tanuri la matofali, aliyekuwa akimvutisha mkokoteni huku mgongo umechubuka mpaka nyama inaonekana, na kwa kuwa polisi hawana pa kumweka, mume wangu akakubali mbele ya mahakama kumtunza mpaka kesi iishe. Huyo punda ndiye kielelezo chenyewe. Mimi nilidhani siku hiyo hiyo ataitwa daktari wa mifugo, kumbe mume wangu hataki kidonda kiguswe, hata kwa maji ya chumvi, mpaka hakimu akione kwa macho yake.

Nisimsingizie, ana sababu. Kesi iliyopita alimtibu punda mwingine kwanza, akapeleka picha, wakili wa upande wa pili akazinyanyua juu akauliza hawa punda wanatofautishwaje, watu wakacheka, na punda alipoletwa ameota manyoya mapya kesi ikatupwa, akarudishwa kwa mwenyewe, na hakumaliza msimu wa mvua. Tangu hapo mume wangu si yule.

Lakini kesi hii imeahirishwa ikaahirishwa tena, mara hakimu yuko likizo, mara jalada halionekani, mara wakili wa mshtakiwa anaumwa, na kidonda hakijui kuahirishwa, kimeingia funza, harufu inafika chumbani, nafua nepi huku nafukuza nzi, na juzi punda ameacha kula pumba, anasimama tu ameegemea ukuta. Kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini mume wangu humwendea, humpepea, humwambia avumilie, tena humwita mama, lakini husimama mbele ya uso wake, mgongoni haangalii. Jana nilimwambia huku si kumtunza, ni mateso yale yale yamehamia kwetu.

Akanijibu, "Ukimponya, unamrudisha tanurini."

"Na akifa?"

"Akifa, watamwona amekufa."

Halafu akainama, kama neno hilo limesemwa na mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

Mshauri, dawa ya kupulizia nimeshanunua, nimeificha chini ya nguo za mtoto. Akitoka naweza kumsafisha punda nikampulizia, halafu nikasema kimepona chenyewe. Nampenda mume wangu, sitaki achekwe tena, wala sitaki mnyama arudi kule. Ila siwezi kunyonyesha kiumbe kimoja huku nasikiliza kingine kinakufa nyuma ya ukuta. Nifanyeje?

Mke wa Wakili Masikio

*

Mama mwenzangu,

Pole, tena pole sana. Sasa nikuseme kidogo.

Hiyo dawa itoe mafichoni leo. Ukimtibu kwa siri, siku ya kesi wakili wa upande wa pili atauliza nani amegusa kielelezo, na mumeo, asiyejua lolote, ataapa kwamba hakuna. Utakuwa umemfanya mwongo mbele ya hakimu, na kesi itakufa kabla ya punda. Na kidonda chenye funza hakiponi chenyewe, usimdhanie mumeo mjinga. Harufu anaisikia kama wewe, ndiyo maana hathubutu kuzunguka upande wa mgongoni. Mzungushe wewe. Mshike mkono, asimame hapo aangalie, usimgombeze.

Akishaangalia, mwambie hivi kutoka kwangu: punda afe mzigo wa bwana ufike, hivyo ndivyo alivyosema mwenye tanuri, na hivyo ndivyo anavyosema yeye. Mzigo tu ndio umebadilika, kule matofali, hapa kesi. Si mtu mbaya. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini kosa la kesi iliyopita halikuwa kumtibu mnyama, lilikuwa kumtibu bila macho ya watu wengine.

Kwa hiyo asingoje tarehe. Kesho aende na ombi la dharura, hakimu aje uani kwenu. Kama haji, atume karani pamoja na daktari wa mifugo ambaye pande zote mbili zinamkubali. Kidonda kipimwe, picha zipigwe zikimwonyesha punda mzima na hao watu wamesimama kando yake, daktari aandike na kutia sahihi, na dawa ianze hapo hapo. Wakikataa ombi, au wakilikalia, daktari aitwe siku hiyo hiyo, mchana kweupe, na mumeo aiandikie mahakama na upande wa pili kwamba ametibiwa na kwa nini.

Kesi inaweza kuanguka. Sitakudanganya, mwenye tanuri anaweza kuja na kamba yake akamchukua. Mumeo alipochagua kazi hii alichagua na uchungu huo, akate rufaa, alie, vyovyote. Ila mtetezi wa wanyama anayeacha mnyama aoze kwake hana la kumwambia hakimu yeyote, hata akishinda.

Na daktari akisema mmechelewa, msibishane naye. Mwacheni amlaze punda usingizi wa mwisho bila maumivu, mumeo amshike kichwa mpaka mwisho. Kisha avae suti yake, aende mahakamani, na aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwa nini kielelezo hakipo.