Pembetatu Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mwongozaji amekubali! Bango la mchezo wake mpya wa jukwaani, "Kaka Hajalala", nitalichapa mimi, kwa herufi zangu za mbao. Likimpendeza, mabango ya msimu mzima ni yangu. Lisipompendeza anarudi kwa bosi wangu wa zamani – yule aliyesema herufi zangu zinafaa kuchezewa na watoto. Tutaonana.

Sheria yangu ni ile ile. Maumbo matatu tu: pau, nusu duara, pembetatu. Herufi zote zitoke humo. L ni pau mbili. A ni pembetatu peke yake, nyeusi, bila tundu wala kijiti cha katikati. Nani asiyeitambua? Jirani yako unamjua kwa mwendo tu, hata sura hujaiona.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Nimepanga jina zima mezani ndipo nikashtuka: A ziko sita. Pembetatu ninazo nne! Nilichongesha kwa aina za herufi, sikufikiria zinavyojirudia. Na lugha yetu hii kwa A, haishibi. Seremala kasafiri, karakana kaifunga.

Mama mkwe kachungulia, kacheka. Eti si niandike "Kaka Yu Macho", yaishe? Nikamwambia Mama, mchezo si wangu.

Kuazima kwa bosi wa zamani? Afadhali ninywe wino.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata!!

Kipande cha karatasi kilinasa juu ya pau yenye wino. Nilipochapa, kikaacha weupe. Basi! Pau ninazo tele. Nikapanga nne ubavu kwa ubavu, zikawa mraba. Juu yake pembetatu ya karatasi. Nikachapa – A nyeupe ndani ya weusi. Nzuri kuliko zile nyeusi, nasema bila haya.

Nyeusi nne: KAKA HAJA. Nyeupe mbili: LALA. Nani kasema A zote lazima zifanane? Mimi na ndugu zangu tumetoka tumbo moja, hatufanani, na hakuna aliyewahi kutudai maelezo.

Mama mkwe kalitazama sana bango likikauka kwenye kamba. Akasema mle kwenye miraba kuna mtu kaacha taa inawaka. Sikuwa nimeliona hilo! Nimemjibu ndivyo nilivyokusudia.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia ukumbini, kiti cha nyuma kabisa. Vidole bado vina wino.

Mwongozaji kalibandika bango ukutani, kasimama mbele yake, mikono nyuma. Kauliza, hizi mbili za mwisho vipi, mashine iliharibika? Nikasema hapana, ndivyo zilivyo. Akataka lenye A nyeusi tupu. Nikamwambia halipo na sitalichapa. Nimesema hivyo!

Kamwita yule anayeigiza Kaka, ambaye bango hajaliona. Hebu soma hapa. Jamaa kasoma "Kaka haja" kwa sauti ya jukwaani, mpaka dari likaitika. Halafu "lala" – polepole, kwa kunong'ona.

Mwongozaji kamgeukia. Mbona umeshusha sauti? Jamaa kashangaa kweli. Nimeshusha?

Sasa mwongozaji kavaa miwani, kasogea mpaka pua inakaribia karatasi. Anasoma mwenyewe. Kafika kwenye LALA: midomo inacheza, sauti haitoki –