Mama, Ruhusa Ilikuwa Inawezekana

Kaloleni,
Jumapili mchana

Mama,

Nimeketi mezani kwako, majirani bado wako kanisani, na nina hasira. Nilitaka kukuandikia barua nzuri ya kukwambia nimepata kazi. Haiji nzuri.

Kuna karakana ndogo huku Makadara inayotengeneza miguu ya bandia. Mimi hushona mikanda ya ngozi inayofunga mguu kwenye paja. Mwezi uliopita msichana wa miaka saba alivaa mguu wenye mikanda yangu, akatembea hadi mlangoni, akageuka, akarudi, akakataa kuuvua. Miaka sita nilipanga biskuti kando yako kiwandani, na hakuna siku niliyorudi nyumbani na la kusimulia.

Mwenye karakana anaitwa Mama Mutheu. Siku ya kwanza aliniambia, "Mikanda naitaka Ijumaa. Ukishonea hapa au kwako, asubuhi au jioni, shauri yako." Sikumwamini.

Wiki ya tatu Nafula wangu akaamka na homa. Nikambeba mgongoni hadi karakana, njia nzima nikirudia maneno ya kuomba, kama tulivyokuwa tukifanya sisi wawili kabla ya kumwona supavaiza. Sikuyamaliza. Mama Mutheu alinikatiza: "Mbona unaniomba? Mtoto ni mgonjwa, mpeleke. Beba ngozi hii, utashona akilala."

Basi. Hayo tu. Nikatoka, nikasimama nyuma ya ukuta nikalia, na si kwa shukrani, Mama. Nililia kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Wewe uliomba nusu siku. Nusu siku tu, ukapimwe kile kifua. Yule supavaiza hata kichwa hakuinua. "Mashine haijui kukohoa," akasema. Ukarudi kwenye laini. Mwezi uliofuata ukaomba tena, akakuonyesha wanawake waliojaa getini wakitafuta kibarua. Tulipofika hospitali, daktari aliuliza mbona tumechelewa. Ulikuwa huwezi kusema tena. Mimi ndiye niliyejibu, na mimi ndiye niliyekuzika.

Na wewe pia umenikasirisha. Niliposema tutoke tu, tuwaachie kazi yao, ulinikemea: "Mtu mzima huvumilia." Ulivumilia ili iweje? Nami nikakutii. Ulikuwa ukitema damu kwenye leso yako, na mimi hapo kando napanga biskuti. Hilo sijajisamehe.

Jana nilikutana na Mama Akinyi, yule aliyekuwa akisimama kushoto kwako kwenye laini. Bado yuko kiwandani. Anakohoa vile vile ulivyokohoa. Nikamwambia aende hospitali, akasema atangoja likizo. Nilimfokea mbele ya watu, Mama, mtu wa umri wako. Akauliza polepole ni nani atamwombea ruhusa.

Nitamwombea mimi. Kazi ya Jumatano nitaishona Jumanne jioni. Jumatano asubuhi nitakuwa getini pa kiwanda kabla ya kengele, nitaingia mpaka ofisini kwa yule supavaiza, nitamtajia jina lako, nimtazame mpaka ainue kichwa. Kisha nitamshika Mama Akinyi mkono, twende. Wakimfuta kazi, Mama Mutheu anatafuta mtu wa kukata ngozi. Nimeshamuuliza.

Pumzika, mama yangu. Jumatano nitaenda. Nakuahidi.

Mwanao,
Nanjala