Matanga na Madirisha Yaliyofungwa

Jumatano, baada ya isha

Na madirisha ya nyumba ya msiba hawakufungua. Jirani yetu Mzee Selemani kafa kwa uzee wake, lakini dada yake kaja matangani kutoka Rufiji, kwenye ndui. Wasafiri wa huko huzuiwa karantini Mbagala. Yeye kashuka kwenye lori kabla ya kizuizi, akakata mashambani kwa miguu. Kila mtu anajua, na kila mtu anampa mkono wa pole.

Sisi wanaume tulikuwa barazani kwenye upepo. Wanawake walibanana ndani, na mke wangu Mwajuma alikuwamo tangu asubuhi.

Nilimwomba mtoto wa marehemu afungue japo dirisha moja. "Unataka upepo, bwana?" akasema. "Kapange kwa Wazungu ufukweni."

Mwajuma aliporudi nikamwambia alale peke yake, mtoto wetu nilale naye mimi.

"Ulitaka nisiende? Siku yetu nani atakuja?"

Nikambeba mtoto, nikahamia chumba cha pili.

Namsikia ng'ambo ya ukuta akigeukageuka. Nimemwuliza kama ana homa.

"Nina hasira."

Nimemshukuru Mungu. Alfajiri nitamwuliza tena.