Mtu wa Riga Anayejiita Imants

Agincourt, Toronto
Kanada
17 Machi, 1996

Mpendwa Shangazi Adventina,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti mawili, ingawa ni kwenye karatasi. Mgongo wako unaendeleaje? Kahawa je, mmepata wa kuichuma mwaka huu? Naomba barua hii ikukute umeketi uani na nguvu zako, wala si kitandani.

Sisi huku hatujambo. Valdis wangu bado anatengeneza lifti za maghorofa, mimi bado nahudumia wazee kwenye nyumba ile ile ya kutunzia. Mwanetu Wema amerefuka hadi suruali za mwaka jana zinamwishia juu ya kifundo. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Theluji imeanza kugeuka tope, na tope la huku lina baridi kuliko theluji yenyewe.

Senene alioleta Erick walifika salama, ahsante sana. Mama mkwe wangu, Mama Velta, aliwatazama wadudu hao muda mrefu, akaonja mmoja, kisha akaniomba nimsogezee bakuli.

Sasa hilo uliloniuliza. Nani alikwambia kwamba mume wangu amerithi shamba Ulaya? Namshuku Methodius, maana kaka yangu huyo hana siri. Shamba lipo, lakini mambo si kama mlivyosikia huko Kashozi. Nilichelewa kukuandikia kwa sababu sikumwamini mtu hata mmoja katika habari hii.

Unakumbuka nilikwambia kuwa Mama Velta alikimbia kwao Latvia mwaka 1944, wakati wa vita, akiwa msichana. Aliwaacha mama yake na mdogo wake wa kiume, Imants. Alipokuwa kambi ya wakimbizi Ujerumani, mtu wa kijijini kwao alimwambia kuwa wote wawili wamekufa kwa bomu barabarani. Akalia, akaja Kanada, akaolewa, akamzaa Valdis, akafiwa na mume. Miaka yote hiyo amekuwa akiwaombea wafu wake wawili.

Mwaka jana ikaja barua kutoka Riga, mji mkuu wa kwao. Aliyeiandika alijiita Imants. Alisema ameona picha na jina la Mama Velta katika gazeti la Walatvia wa huku, walipotajwa wazee wa kwaya. Alitia na picha yake: mzee mrefu amesimama kando ya kisima. Pua ni ya Valdis kabisa, lakini pua si ushahidi.

Hakuomba kitu, Shangazi, na hapo ndipo niliposhtuka. Ni wewe uliyenifundisha kuwa asiyeomba siku ya kwanza anapima urefu wa mfuko. Kweli, barua ya pili ikaja na ombi: Mama Velta atume nakala ya pasipoti yake, na atie sahihi karatasi fulani mbele ya wakili. Valdis alikuwa keshaanza kuulizia nauli za ndege. Nikamwambia asubiri.

Nilimweleza Nilofar, yule binti wa duka la vitambaa pale Bukoba mjini, ambaye siku hizi anafanya kazi maktaba ya jirani. Akanambia kuwa tangu Latvia ijitoe kwa Warusi, hifadhi zao za nyaraka zinajibu ndugu walioko nje. Valdis akaandika Riga kuomba kumbukumbu za kanisa na za serikali zinazohusu ukoo wao.

Tulingoja majira ya baridi karibu yote. Mama Velta alianza kufunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema zamani Warusi waliwaandikia watu barua tamu ili warudi, na waliorudi hawakuonekana tena.

Bahasha ilipofika tuliifungua mezani. Ndani kulikuwa na nakala za ubatizo wa Velta na wa Imants. Kulikuwa na kumbukumbu ya maziko ya mama yao, mwaka 1958. Kwa hiyo bomu halikumuua. Kifo cha Imants hakikuwemo. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya mahakama, ya mwaka 1951, ikimtangaza Velta kuwa amekufa. Shahidi: Imants.

Mama Velta alivua miwani. Akasema, “Ameniua.”

Nami sikukaa kimya. Sheria ya sasa huko inawarudishia watu mashamba yaliyochukuliwa na Warusi, nikaona njama yote: mtu alimzika dada yake kwa karatasi, sasa anataka sahihi yake amzibe mdomo kabisa. Nikasema hakuna sahihi itakayotoka nyumba hii.

“Wewe unamshuku kila mtu,” Valdis akanambia.

“Na wewe humshuku mtu. Tugawane basi.”

Mwishowe Mama Velta mwenyewe akaamua. Jumapili baada ya misa alimwambia Valdis ampigie simu huyo mtu, na aiweke kwa sauti wote tusikie. Waliongea Kilatvia, Valdis akinitafsiria kwa kunong'ona.

Yule mzee hakusalimia hata. Aliuliza, “Kama wewe ni Velta, farasi wetu mweupe aliitwaje?”

Mama Velta akanyanyuka kitini. “Mwongo! Hatukuwa na farasi mweupe! Tulikuwa na jike moja la kahawia, na wanajeshi walimchukua, nawe ukawakimbilia na jiwe mkononi mpaka mama akakuangusha chini!”

Kwenye simu tukasikia mwanamume mzima analia.

Kumbe naye alituogopa, Shangazi. Alisema warithi wa uongo wanamiminika kutoka ng'ambo, ndiyo maana alitaka pasipoti, na ndiyo maana alitega mtego wa farasi.

Mama Velta hakulainika upesi. Akamuuliza, “Kwa nini uliniua?”

Akajibu kuwa miaka ile mwenye ndugu nchi za Magharibi aliandikwa kuwa adui, na majirani wao walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye treni za Siberia. Mama yao ndiye aliyempeleka mahakamani akaseme dada amekufa, ili yeye Imants apone. Sasa shamba linarudishwa, na aliyekufa hawezi kurithi. Ile sahihi ni ya kuiomba mahakama imfufue, jina lake liingie pamoja na la mdogo wake.

Mama Velta akauliza neno moja tu: “Mama aliniombea misa ya marehemu?”

“Hata mara moja,” yule mzee akasema. “Padri alimshangaa. Mama alimjibu kuwa mahakama tumeidanganya, Mungu hatutamdanganya.”

Hapo Mama Velta, na uzee wake wote, akaketi sakafuni, nami nikaketi naye. Tuliacha simu wazi.

Mwezi wa sita tunakwenda Riga, tukijaliwa. Mimi nimesisitiza wakili wa hapa aisome ile karatasi kwanza, na safari hii mama mkwe yuko upande wangu. Anasema atamkubali ndugu yake akishamshika masikio kwa mikono yake mwenyewe.

Nisalimie Ta Rwegasira na wote wa nyumbani kwake, na Domitila na watoto wake. Methodius mwambie afunge mdomo. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akuweke mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mwanao nikupendaye daima,
Domina