Kurudi Moja

Kwako dada yangu mkubwa,

Goti linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, na safari hii sisemi hivyo kwa adabu tu.

Kwenye simu uliniambia sauti yangu imelainika, ukauliza kama naumwa. Kisha ukaniomba tena nipatane na mdogo wetu, nami nikakujibu vibaya. Lakini dada, wewe hukuwepo. Nilimfundisha kushona makochi tangu hajui kushika mkasi, naye akaenda kufungua karakana ng'ambo ya barabara, milango ikitazamana. Tangu hapo nikawa nashona jicho likiwa dirishani, nahesabu wateja wake. Akiingia mmoja, chai yangu inageuka shubiri.

Sasa sikia. Chumba cha juu ya karakana yangu amepanga mtawa wa Kibudha, mzee mwenye upara unaong'aa kama sufuria mpya, anayefundisha watu kutafakari. Aliniagiza mito ya kukalia. Nikamshonea laini ajabu, akairudisha yote. Eti wanafunzi wake wanakoroma. Nilipobisha, akaniambia nipande nikae mwenyewe.

Kazi ilikuwa kuhesabu pumzi. Kwa hesabu unanijua. Nilifika mia mbili na arobaini, nikamtangazia. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe ukifika kumi unarudi moja! Nikamuuliza ni mwenye akili gani anayetupa alichokwisha kukusanya.

“Mama,” akasema, “hizo nyingine zote unazibebea nini?”

Akanieleza kwamba hasira ikija niitambue, nisiifukuze wala nisiivutie kiti, nirudi moja.

Mito niliijaza upya, migumu kidogo, na kila asubuhi nikawa napanda kabla ya kufungua kazi. Mwanzoni sikuvuka tatu bila kumkumbuka yule mtoro. Taratibu usingizi ukarudi, na hata fundi niliyemwajiri akaacha kunikwepa.

Sasa lile ambalo sikukuambia. Juzi nimekaa kule juu, kimya, nikasikia cherehani ya mdogo wetu. Miaka yote nimehesabu wateja, sijawahi kuisikiliza. Ilikuwa inaruka mishono. Nikarudi moja, nikarudi tena, mwishowe nikainuka na kuvuka barabara. Aliponiona alikamata rula ya mbao kama rungu. Nikakaa kwenye cherehani yake, nikachomoa sindano.

“Umeiweka kinyume, mdogo wangu.”

Tangu aondoke sikuwahi kumwita hivyo. Aliishusha rula, akasema alidhani nimekuja kumcheka. Nikamjibu kwamba hilo nitalifanya kesho.

Hajaniomba radhi, dada, na bado naamini alinikosea. Ila leo asubuhi mteja kaingia kwake, nami nimeimaliza chai yangu ikiwa ya moto.

Wasalimie wote, na goti usilisumbue kwa ngazi. Ukija utalala kwangu. Chakula cha mchana tutakula ng'ambo ya barabara.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Makochi